Paa: Hakuna

Fomu tuliyopewa chuoni ina safu saba.
Urefu. Upana. Kimo. Unene wa ukuta.
Aina ya jiwe. Kiungio. Paa.
Mbwarali ameshika ncha moja ya utepe, mimi ya pili,
na katikati yetu sebule ya mtu.

Tuko Bamburi, upande wa baharini,
nyuma ya hoteli iliyofungwa.
Gofu hili halina bango wala tikiti,
lina mbuzi watatu
na mtini ulioota juu ya mlango, mizizi ikiteremka
kama mtu anayejaribu kushuka bila ngazi.
Matumbawe yalipangwa yakapangika.
Kwenye chokaa, pembeni, pana alama ya kidole.
Natia changu. Kinapwaya.

Mimi mgeni hapa. Nina pasi na kibali cha mwanafunzi
kilichogongwa muhuri Lungalunga.
Muuza viazi vya karai akinisikia hucheka:
"Dada, wasema kama taarifa ya habari."
Kwetu Mwandiga bahari ilikuwa ya kwenye ramani.
Tuna ziwa. Maji yake hunyweka.

"Kidaka," Mbwarali anasema, akipitisha kiganja
kwenye kijishubaka ukutani. "Hapa huwekwa sahani, na taa."
Anataja kila kitu kwa jina
kama anayeita watoto ndani magharibi ikiingia:
daka, msana, ndani, choo.
Halafu mashimo, mstari mmoja, juu ya vichwa vyetu.
"Hapo ndipo zililala boriti."
Naandika: boriti, kumi na moja. Hazipo.

"Na kwenu," ananiuliza, "gofu mwaliitaje?"

Nafikiri. Kwetu hakuna magofu.
Kwetu kuna mapagale.

Namweleza: pagale ni nyumba iliyofika kwenye lenta
ikaishiwa pumzi.
Ina matundu ya madirisha, haina madirisha.
Mbuzi hulala humo, mipapai hujiotea,
watoto hujificha humo wakikwepa kutumwa dukani.
La baba yangu lina mwaka wa sita.
Vyumba vitatu, na cha nne, kidogo, alichokiita cha vitabu.
Matofali alifyatua mwenyewe, akachoma mwenyewe,
akanunua mabati thelathini na mawili
akayaegemeza ukutani kwa mjomba.
Barua ya chuo ilipofika
aliyahesabu mara mbili, kisha akamwita mnunuzi.

Kila siku darasani nakaa chini ya mabati yale.

Mbwarali hasemi neno. Anakunja utepe taratibu,
anaukunjua tena.
Chini yetu maji yanaingia mapangoni mwa mwamba
yanatoka yakikohoa.

Nasimama katikati ya msana, natazama juu.
Mbingu ya mraba, ile ile niliyoizoea.
Nimevuka mpaka kuja kuona jambo geni,
na mbuzi ni wale wale.
Mtu asiyejua akiletwa hapa amefungwa kitambaa machoni,
akafunguliwa, akapelekwa kule, akafunguliwa,
atajuaje ni ipi iliyoagana na watu
na ipi inayowangoja?

Kwenye safu ya saba naandika, Paa: hakuna.
Nafuta. Natafuta neno jingine.
Naandika, hakuna.

Jioni nilimpigia baba. Habari za mitihani hakuuliza.
Yeye ni fundi, aliuliza ya kifundi.
"Wamejengea nini?"
Mawe ya bahari, baba, na chokaa.
"Saruji?"
Hata kijiko.
"Na mvua inazinyeshea hivyo hivyo, wazi?"
Tangu enzi na enzi.
"Na zimesimama?"
Zimesimama.

Kimya. Nilisikia redio yake,
na mtu akipita na baiskeli inayolia mnyororo.
"Basi na zangu," akasema, "zitavumilia."

Kisha akaniuliza kama nimekula.